Sindano Sita, Saa 120

Ukiviona vibao hivi mezani ungedhani vimeanguka kutoka kwenye mkoba wa fundi redio. Ni viwili, vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, vimetobolewa matundu kwa mistari iliyonyooka, na kila tundu limeachana na jirani yake kwa milimita 15 hivi. Tundu la kibao cha kulia linatazamana sawasawa na la kibao cha kushoto. Kazi nzima ya kutibu saratani ya uume kwa mionzi ya ndani, bila kukata kiungo, imesimama juu ya matundu hayo. Nasema hivyo nikijua kwamba wapenda mashine watanibishia.

Kisu kinaponya, hilo halina ubishi. Lakini kukatwa uume, hata kwa sehemu tu, kuna gharama yake kitandani, msalani na moyoni. Huku pwani kuchuchumaa wakati wa haja ndogo si aibu, wengi ndivyo tulivyolelewa. Ila kuchuchumaa kwa mazoea na kuchuchumaa kwa sababu huna namna nyingine ni mambo mawili. Ndiyo maana madaktari wa Ufaransa, na baadaye wa Kanada, walishikilia njia ya tatu kati ya kisu na mionzi ya kupigwa kutoka nje: kukipeleka chanzo cha mionzi ndani ya uvimbe wenyewe.

Kinachofanya kazi hapa ni umbali. Mionzi ikitoka kwenye nukta, ukisogea mbali mara tatu unapokea sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo chanzo kilichozama katikati ya uvimbe kinauchoma uvimbe na kuiachia nyama ya nyuma yake kiasi kidogo. Sheria hiyohiyo ina makali ya upande wa pili: sindano ikipinda milimita chache, mahali pamoja panaungua na pengine panabaki na seli hai za saratani.

Tuchukue kidonda cha sentimita 2 na nusu kwenye kichwa cha uume. Kwanza mgonjwa anatahiriwa kama alikuwa bado, ili kidonda chote kionekane na govi lisije likavimba na kukaza baada ya mionzi. Siku ya kazi anapewa nusu kaputi au ganzi, kisha anawekwa mpira wa mkojo. Mpira huu si wa kutolea mkojo tu. Unamwonyesha daktari njia ya mkojo inapopita, asije akaitoboa. Sindano zenyewe ni za chuma na zina uwazi ndani. Ya kwanza inaingia kupitia tundu la kibao cha upande mmoja, inavuka kichwa cha uume kwa upana, inatokea kwenye tundu la kibao cha pili. Inafuata ya pili, hadi zinatimia sita, safu mbili za tatutatu. Vibao vinakazwa, na kuanzia hapo sindano hazina pa kwenda.

Kanuni za upangaji huo zinaitwa Mfumo wa Paris, zilizoandaliwa miaka ya 1960 na daktari Bernard Pierquin na mwanafizikia Andrée Dutreix pamoja na wenzao. Nyaya za iridiamu 192, ambazo ndizo chanzo cha mionzi kinachoingizwa ndani ya sindano, ziwe zimenyooka, ziwe sambamba, ziachane kwa nafasi sawa, na zote ziwe na nguvu sawa. Kipimo kinasomwa katikati, kwenye mabonde kati ya waya na waya ambako mionzi ni hafifu kuliko kandokando ya nyaya zenyewe, halafu asilimia 85 ya wastani wa hapo ndiyo inayoandikwa kuwa dozi. Urefu unaotibiwa vizuri ni kama asilimia 70 tu ya urefu wa waya. Kwa hiyo kulinda sentimita 3 za nyama unahitaji waya wa sentimita 4 na ushei, unaochomoza pande zote mbili. Mtu asiyejua atadhani umekatwa vibaya.

Dozi ya kawaida ni grei 60. Nyaya zikitoa nusu grei kwa saa, hesabu inakuja saa 120, yaani siku tano kitandani. Polepole hiyo ni ya makusudi: seli nzima za mwili hupata nafasi ya kujikarabati mionzi ikiendelea, na zile za saratani hujikarabati vibaya zaidi. Siku zote hizo uume unazungushiwa sponji nene ili usiguse mapaja, na chini yake inaweza kulazwa karatasi ya risasi kulinda korodani. Sponji! Nafuu kuliko vyote chumbani, na bila hiyo ngozi ya paja nayo ingechomwa. Kuzitoa sindano hakuhitaji kurudi chumba cha upasuaji. Mgonjwa anapewa dawa kali ya maumivu na zinachomolewa palepale kitandani.

Halafu mambo yanaharibika kwanza. Wiki ya pili au ya tatu ngozi inachubuka na kutoa majimaji, na mgonjwa ambaye hakuambiwa mapema huamini ameunguzwa na matibabu. Anakaa kwenye beseni la maji ya chumvi, anasubiri. Kupona huchukua miezi. Kidonda kikijitokeza tena baadaye mahali pale, daktari mwenye haraka ya kukata kipande apeleke maabara anaweza kuanzisha jeraha lisilofunga, kwa sababu nyama iliyopigwa mionzi haisamehe kirahisi.

Juanita Crook na wenzake nchini Kanada walitoa matokeo ya wanaume 67 waliotibiwa kati ya 1989 na 2007. Kwa makadirio yao, baada ya miaka mitano asilimia 88 walikuwa bado na uume wao, na baada ya miaka kumi asilimia 67. Asilimia 12 walipata vidonda vya nyama kufa, na asilimia 9 njia ya mkojo ilisinyaa. Wengine huisoma ile asilimia 67 kama kushindwa. Mimi naona jambo jingine: saratani ikirudi palepale kwenye uume, mara nyingi kisu bado kinaweza kuiondoa, kwa hiyo aliyeanza na sindano hakujifungia mlango. Mitoki ya kinena ndiyo huua, nayo inachunguzwa na kutibiwa kivyake, sindano ziwepo zisiwepo.

Si kila mtu anafaa. Uvimbe uwe haujazidi sentimita 4 na uwe umeishia kichwani. Hapo ndipo kwetu pagumu. Sebastian Kyalwazi, daktari bingwa wa upasuaji, alichapisha mwaka 1966 uchambuzi wa wagonjwa 153 wa saratani hii waliolazwa Mulago, Kampala. Ugonjwa huu si mgeni Uganda hata kidogo. Ila mwanamume anayeficha kidonda mpaka kinuke huwa ameshapita kipimo cha vibao.

Nyaya za iridiamu nazo zimeshaacha kutengenezwa. Siku hizi kinatumika chembe kimoja cha iridiamu kwenye ncha ya kebo, mashine inakisukuma ndani ya kila sindano, kinasimama sekunde kadhaa, kinasogea milimita chache, kinasimama tena. Dozi inagawanywa vipindi viwili kwa siku, vikiachana kwa saa sita au zaidi. Mashine zinazosukuma chembe namna hiyo zipo taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na zipo Kampala, zikitibu saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamume mwenye sindano zake sita angemaliza kipindi cha asubuhi, akarudishwa wodini na vibao vyake na sponji yake, na chembe kilekile kikaenda kumhudumia mama anayefuata kwenye foleni.