Faili Haliombwi kwa Jina

Anayetoka Bomet kwenda Nairobi kutafuta asili ya ardhi ya ukoo wake, ardhi ambayo leo imefunikwa na michai, mara nyingi huingia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa akiulizia mafaili ya Bomet. Ya zamani hayapo, kwa kuwa Bomet haikuwa wilaya hadi mwaka 1992. Kabla ya hapo mambo yake yaliandikwa chini ya Kericho, na nyuma zaidi chini ya Lumbwa, jina ambalo wakoloni waliwapachika Wakipsigis. Mtunza nyaraka stadi anajua hayo yote, ila ujuzi wake haumfai mtu anayetaja jina la faili na kunyamaza. Anayefaidika ni yule anayemweleza shida nzima: ukoo gani, mto gani, rika gani lilikuwa likitahiriwa, ushahidi unapelekwa wapi, na amekwisha kutazama nini.

Chukua mkasa wa Watalai, ukoo mmoja wa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwatungia sheria yao peke yao ya kuwaondoa, wakahamishiwa Gwassi, huko Nyanza Kusini. Mtafiti anayeng'ang'ania majalada ya Kericho atasoma jinsi walivyofukuzwa. Jinsi walivyoishi baadaye iliandikwa na maofisa wa wilaya nyingine. Madai ya ardhi ya miaka hiyo yamo katika ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Carter, tume ya kikoloni ya ardhi, na barua za magavana kwa wakubwa wao zimehifadhiwa Kew, Uingereza. Vitabu vya kampuni za chai ni habari nyingine kabisa, maana hizo si nyaraka za serikali, na mtunzaji mwaminifu atakuambia hivyo kabla hujapoteza wiki. Kila mara yeye huanza na swali lilelile: nani alikuwa na haja ya kuliandika jambo hili, na alimwandikia nani? Fani yake yote imo humo.

Wapo watakaosema kompyuta imemaliza kazi hiyo. Kompyuta hutafuta neno uliloliandika. Ukiandika Kipsigis pale karani alipoandika Lumbwa, utaambiwa hakuna kitu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba karatasi hizi ni maneno ya waliochukua ardhi, kwa hiyo wazee ndio wa kusikilizwa. Nakubali nusu yake. Wazee wasikilizwe kwanza, kwani wao ndio wanaotaja mto na rika, na bila hayo mtunza nyaraka hana pa kuanzia. Lakini kwa sababu karatasi zina upande, tunamhitaji anayejua zilivyozaliwa na zilivyopotea. Mwaka 2011, kesi ya Mau Mau ilipokuwa London, Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha huko kwake, Hanslope Park, mafaili iliyoyahamisha kutoka makoloni yake, Kenya ikiwamo. Tangu hapo, pengo kwenye rafu ya Nairobi haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba jambo halikutokea, na mtunzaji anayeweza kueleza pengo limetoka wapi amekupa kitu cha kushika mkononi.

Mteja naye ana wajibu, na wengi huupuuza: kuandika namba ya kila jalada alilofungua, hata lililokuwa tupu. Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi kuhusu madai ya Wakipsigis na Watalai mwaka 2019, na madai hayo hayajaisha, kwa hiyo ushahidi bado utahojiwa. Nakala isiyo na namba wakili wa upande wa pili ataipangua kwa swali moja tu: imetoka wapi?