Kofi na Lafudhi: Sidney Poitier katika Nafasi ya Kimani

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kumchukulia mhusika kuwa kiumbe wa maandishi. Katika mihadhara yetu tunakiri kwamba mhusika wa tamthilia hukamilika jukwaani, lakini tunaposhika kalamu tunamrudisha kitabuni na kumsahau mtu aliyempa mwili na sauti. Makala haya yanakusudia kumtazama mtu huyo wa pili. Tumemchagua Sidney Poitier (1927–2022), na hasa nafasi yake ya Kimani katika Something of Value, filamu iliyoongozwa na Richard Brooks kutokana na riwaya ya Robert Ruark ya 1955. Filamu hiyo, ambayo sehemu yake ilipigwa humu nchini Hali ya Hatari ingali ikitawala, ilitolewa 1957. Mengi yameandikwa juu ya Poitier, lakini karibu yote yanamtazama kutoka Marekani. Msomaji aliye Nairobi ana maswali mengine ya kumuuliza.

Tuanze na sauti. Poitier alizaliwa Miami tarehe 20 Februari 1927, kabla ya miezi yake kutimia, wazazi wake walipokuwa wamevuka bahari kwenda kuuza nyanya. Walikuwa wakulima wa Cat Island katika Bahamas, na huko ndiko alikokulia kabla ya familia kuhamia Nassau. Akiwa na miaka 15 alipelekwa Miami kwa ndugu yake. Mwaka uliofuata alikuwa New York, akiosha vyombo hotelini. Alipojaribu kujiunga na kundi la American Negro Theater alifukuzwa jukwaani, kwa kuwa hakuweza kusoma mswada sawasawa na lafudhi yake ya visiwani ilikuwa nzito. Alinunua redio, akawa anawaigiza watangazaji neno kwa neno kwa miezi kadhaa, huku mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi akimfundisha kusoma kwa kutumia gazeti. Alirudi, akakubaliwa.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya bidii na malipo yake. Ndivyo kilivyo, lakini kwa mtu anayeshughulika na lugha kina upande mwingine. Sauti ile iliyokuja kusifiwa duniani kwa usafi wake haikuwa sauti ya nyumbani. Ilikuwa lafudhi ya kujifunza, iliyochukuliwa kwa watu wasiomjua, ili mlango ufunguliwe. Alipoigiza daktari katika No Way Out (1950), mchungaji wa Afrika Kusini katika Cry, the Beloved Country (1951) au mwanafunzi mtundu katika Blackboard Jungle (1955), tayari kila mhusika alikuwa amepita kwenye redio ile.

Sasa tumtazame Kimani. Yeye na Peter McKenzie, mwana wa mlowezi, anayeigizwa na Rock Hudson, wamelelewa kama ndugu katika shamba moja. Siku moja mawindoni, Jeff Newton, shemeji yake Peter, anampiga Kimani kofi. Baba yake Kimani anafungwa gerezani kwa kutimiza mila ambayo sheria ya kikoloni inaiita mauaji. Kimani anaingia msituni, anakula kiapo, na anashiriki katika uvamizi wa nyumba aliyokulia. Mwishoni anakubali kujisalimisha kwa ajili ya mkewe na mtoto wake mchanga, lakini walowezi wanawashambulia, naye akidhani Peter amemsaliti anakimbia, wanapigana, na anaanguka katika shimo la mitego yenye miti iliyochongwa. Anafia humo. Peter anambeba mtoto kwenda kumlea.

Kasoro za kimaudhui za kisa hiki ziko wazi na hatuna haja ya kuzirefusha. Ardhi, ambayo ndiyo chanzo cha vita, inageuzwa kuwa mandhari. Kofi moja na ugomvi wa marafiki wawili vinachukua nafasi ya dhuluma ya miaka hamsini. Linalotushughulisha zaidi ni lugha. Kimani huzungumza na Peter kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha Poitier: kipole, kilichonyooka, chenye hadhi. Katika mashamba ya Nyanda za Juu mlowezi na mfanyakazi wake walikutana kwa kawaida katika Kisetla, Kiswahili kilichokatwakatwa ngeli na kubakizwa amri. Wavulana waliokua pamoja wangeweza pia kuzungumza Kigikuyu. Filamu imeviweka kando vyote viwili.

Matokeo yake yana sura mbili, na ndiyo maana hatukubaliani na wanaoitupa nafasi hii nzima. Kwa upande mmoja, hadhira ya 1957 iliyozoea kumwona Mwafrika wa filamu akipiga kelele au akibeba mizigo ilimsikia mtu anayefikiri. Yatazame macho ya Poitier baada ya kofi: hasemi neno, lakini mtazamaji anaona hesabu ikifunguliwa. Hakuna maandishi ya Ruark wala ya Brooks yanayoeleza hasira ya Mau Mau vizuri kama uso huo. Kwa upande wa pili, Kiingereza kile kinaficha hali yenyewe. Kisetla hakikuwa chombo tu cha mawasiliano. Kilikuwa utaratibu wa kumweka mtu mahali pake, kila siku, kabla ya kofi lolote. Kikiondolewa, kofi linaonekana kama ajali ya mtu mmoja mkorofi, na urafiki unaonekana kama ungewezekana kama si Jeff.

Ulinganishi unatusaidia. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, mwaka uleule filamu ilipotolewa. Katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambayo wanafunzi wetu wengi huisoma kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, shujaa anaposomewa mashtaka hukaa kimya. Kimya kile ni kukataa mahakama na lugha yake. Kimani naye ana kimya chake cha baada ya kofi, ila kila anapofumbua kinywa anakuwa ameshakubali uwanja wa mwenziwe.

Miaka kumi baadaye, katika In the Heat of the Night (1967), Poitier anapigwa kofi tena, safari hii na tajiri wa shamba la pamba, Endicott. Mpelelezi Tibbs analirudisha papo hapo. Poitier alisimulia kwamba yeye ndiye aliyeshurutisha kofi lile libaki, ijapokuwa wengine walioshiriki hawakukubaliana naye. Kwa vyovyote vile, mtazamaji aliyeziona filamu zote mbili hawezi kulisoma la pili bila la kwanza. Inasikitisha kwamba hakiki maarufu ya Clifford Mason, iliyotoka katika New York Times mwaka huohuo na kumshutumu Poitier kwa kuigiza Mweusi anayependeza machoni pa Wazungu, haikuupa uzito unaostahili uzi huu. Shutuma ya namna hiyo inaistahili Guess Who's Coming to Dinner, ambamo daktari amepewa sifa nyingi hata amebaki bila kivuli. Lakini Kimani si daktari yule. Ameua, na Poitier hajaribu kumfanya apendeze.

Nilipoitazama Something of Value na darasa langu la uzamili, mwanafunzi mmoja alisema waziwazi kwamba ni usaliti: mwana wa watumwa kuwakopesha wakoloni uso wake wakati babu zetu wako vizuizini. Darasa liligawanyika na mjadala ulipita saa yake. Niliwakumbusha kwamba mwaka 1959 Poitier, pamoja na Harry Belafonte na mchezaji Jackie Robinson, walitia saini barua ya kuomba fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya waliotafutiwa nafasi na Tom Mboya katika vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza ilibeba 81. Mwanafunzi yule alijibu kwamba barua si filamu, na katika hilo nilimpa haki yake. Barua haimtoi Kimani shimoni, na mtoto wake bado yumo mikononi mwa Peter taa zinapowashwa.