Midoli ya Mgomba

Shule zinapofungwa Desemba, mabasi yanayopanda kutoka Kyaka kwenda Bugene hujaa watoto. Wametoka Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, wamechoka, wamebeba mabegi makubwa kuliko migongo yao, na wakishuka Kayanga, Omurushaka au Nkwenda hupandishwa bodaboda hadi nyumbani kwa babu na bibi. Ndio msimu wa senene, kwa hiyo sehemu ya jioni zao huishia kuwafukuza wadudu hao na kuwanyonyoa mabawa. Siku zinazobaki, kama nyumba imejaliwa mzee mwenye mikono mizuri, huishia kwenye mgomba.

Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako watoto hao hushukia, zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Mpaka uliowekwa wakati huo haukubadilisha jambo moja: nyumba za huku hukaa ndani ya kibanja, na kibanja ni migomba kwanza. Kuna kahawa, kuna maharage, kuna ndizi za kupika na za kukamulia pombe ya rubisi. Ndizi husifiwa vya kutosha. Ganda kavu linaloning'inia kwenye shina halisifiwi, ingawa ndilo linalofunga mzigo wa kuni, ndilo linalofunika udongo wa shamba usikauke, na ndilo lililowapa watoto, kizazi baada ya kizazi, mpira, mdoli na mjeledi wa kuchapia pia.

Mpira unastahili kutazamwa kwa karibu. Babu hachukui ganda lolote tu. Lililokauka kupita kiasi hupasuka likikunjwa. Lenye maji bado husinyaa baadaye na kulegeza kazi yote. Hutafuta lililokaukia kwenye shina lenyewe, akalinyunyizia maji au akaliacha nje lipigwe na umande, na asubuhi likawa linakunjika bila kukatika. Hulichana kwa ukucha kufuata nyuzi zake, vipande vya upana wa kidole gumba. Katikati huweka majani makavu yaliyofinyangwa na kubanwa mpaka hayabonyei tena.

Hapo ndipo wajukuu hukosea. Huzungusha kamba upande mmoja tu, na mpira ukatoka na umbo la yai. Babu huupokea, huufungua wote bila kusema neno, na kuanza upya huku watoto wamemzunguka: kila mzunguko anaugeuza kidogo, kamba mpya inapita juu ya ile ya zamani kwa kuikata, mkono wa kushoto unabana, wa kulia unavuta. Mwisho husokota kamba nyembamba juu ya paja na kufuma wavu wa mafundo kuuzunguka mpira wote, maana pasipo wavu huo, mateke machache tu yangeutawanya.

Haudundi kama wa dukani. Lakini una uzito wa kutosha kwenda unakopigwa, haumuumizi mtoto anayecheza peku, na ukiangukia kwenye miiba hautoboki. Mvua ikiunyeshea huwa mzito, na baada ya siku kadhaa umekwisha kazi. Hutupwa palepale shambani, ukaoza, ukawa mbolea ya mgomba mwingine. Mijini watoto walizoea kufunga mipira yao kwa mifuko ya rambo, hadi Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kibanjani marufuku hiyo haikumnyima mtoto mpira.

Mdoli ni kazi ya bibi zaidi. Mkono uliosuka vikapu na mikeka miaka yote hiyo hauhitaji kipimo: ganda pana hukunjwa na kuviringishwa likawa kichwa, hufungwa shingoni kwa uzi, na linalobaki chini huchanwachanwa likawa gauni. Macho hana, pua hana. Mjukuu aliyezoea mdoli wa plastiki mwenye nywele za kizungu anaweza kuguna mwanzoni. Kisha bibi anamfungia mdoli huyo mgongoni kwa kitenge, na kabla chakula cha mchana hakijaiva mdoli amepewa jina, ameugua homa, amepelekwa kwa daktari chini ya mbuni, amechomwa sindano ya kijiti na amepona. Uso usiochorwa unamwachia mtoto kazi yote ya kuamua kama mwanawe analia au anacheka.

Kinachodumu ni pia. Huchongwa kwa mti mgumu, bapa juu, iliyochongoka chini, kisha ikachapwa kwa mjeledi wa kamba ya mgomba uliofungwa kwenye kijiti. Ukiichapa kwa hasira inaruka na kulala ubavu, ukiibembeleza inachoka. Inataka pigo la upande, la haraka, kila inapoanza kuyumba, na wazee waliokwisha kuacha jembe bado wanaliweza pigo hilo. Pia ya zamani huchomekwa kwenye kenchi na kusahauliwa mpaka mjukuu aione. Karibu nayo kwa umri ni ubao wa bao, mashimo yake 32 na kete zake 64, kingo zimelainishwa na viganja vya watu ambao baadhi yao wamezikwa papo hapo kibanjani. Vingine vyote alivyochezea babu utotoni vilioza zamani.

Mpenda makumbusho anaweza kulisikitikia hilo. Asisikitike upesi. Katika nchi hiihii kulikuwa na watu waliojua sana kuhifadhi vitu. Bweranyange ilikuwa makao ya watawala wa Karagwe. Mpelelezi John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, akafika mwaka 1876. Stanley alioneshwa nyumba ya hazina, akaandika habari za sanamu za bata na za ng'ombe zilizotengenezwa kwa shaba, pamoja na silaha za kifalme. Mapokeo yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa alikuwa mhunzi. Sanamu zile hazikuwa za kuchezea, zilikuwa alama za enzi, na zinastahili heshima yote zinayopewa na wanaoichunguza historia ya ufalme huo. Lakini ukikutana na kundi la watoto wa Bweranyange leo, kumpata anayeweza kufua ng'ombe wa shaba ni kazi. Anayeweza kufunga mpira wa mgomba atajitokeza kabla hujamaliza kuuliza. Hazina ilitunza vitu. Mpira, kwa kuwa unaoza, uliwalazimisha watu kutunza namna ya kuutengeneza, na namna hiyo haina pa kukaa isipokuwa mikononi mwa mtu mzima aliye tayari kuketi chini na mtoto.

Ndiyo maana gari la plastiki lililotoka Kariakoo, zuri na jekundu, haliwezi kulishinda gari la waya. Likivunjika gurudumu limekufa. Hakuna mtu nyumbani anayejua lilivyoundwa. Gari la waya lina magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili zilizochakaa na usukani mrefu wa kumwezesha mtoto kuliendesha akiwa amesimama, na likipinda, mjomba analinyoosha kwa koleo. Huko Goma, Kongo, ufundi wa jamaa hiyo umekua ukawa riziki ya watu: chukudu, skuta ya mbao ambayo mtoto yeyote angeitamani, hubeba magunia ya makaa na viazi kwenye miteremko ya mji.

Tishio la kweli kwa midoli ya mgomba si plastiki. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ambao watu wa Kagera huuita unyanjano, ulithibitishwa mkoani. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mkungu, na huenezwa na panga lililokata mgomba mgonjwa likahamia mzima. Mgomba ulioambukizwa majani yake hunyauka na kuwa ya njano, ndizi zake huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Vibanja vizima vimeng'olewa. Wataalamu wa kilimo, pamoja na watafiti wa kituo cha Maruku, wamewafundisha wakulima kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, kuing'oa migomba iliyougua, na kupitisha panga motoni kabla ya kuhama mgomba.

Kwa hiyo somo la mpira limeongezeka hatua. Babu mwangalifu hagusi mgomba kabla hajakipitisha kisu kwenye moto wa jikoni, kikageuzwa huku na huku mpaka makali yote yapate joto. Maganda ya shamba la jirani hayachukui, hata yakiwa mazuri kuliko yake, na mjukuu aliyeyaleta hurudishwa nayo. Mtoto huuliza kwa nini, naye huoneshwa shina lililokatwa na usaha wa njano unaotoka ndani. Somo la namna hiyo halisahauliki, kwa sababu linafundishwa na mtu anayeweza kupoteza chakula cha mwaka mzima, mbele ya mtoto anayesubiri mpira wake.

Mikono iliyojifunza kupishanisha kamba hainyimwi kazi kwa kukosa mgomba. Mbagala, Dar es Salaam, hakuna kibanja, lakini kuna fulana kuukuu na mashuka yaliyochanika. Mtoto aliyefunguliwa mpira wake na babu mara mbili au tatu huzichana fulana hizo kwa upana wa kidole gumba, huanza kuzungusha, hugeuza kidogo kila mzunguko, na akiona mwenzake anazungusha upande mmoja tu humnyang'anya, akaufungua mpira wote na kuanza upya, huku wengine wakipiga kelele amalize haraka wagawane timu.