Mgunga ni Upi? Uainishaji wa Viumbe Hai na Fasili za Miti katika Kamusi za Kiswahili

Makala haya mafupi yanahakiki namna kamusi za Kiswahili zinavyofasili majina ya miti, kwa kutumia kidahizo kimoja: mgunga. Hoja yake ni kwamba fasili ya kiumbe hai inapaswa kumwezesha msomaji kukitambua. Jina la Kilatini peke yake haliitoshelezi kazi hiyo, na kauli "aina ya mti" haiifanyi kabisa.

Tuanze na mazingira ya matumizi. Tinde ni njia panda ya barabara ziendazo Nzega, Kahama na Shinyanga mjini. Mkoani humo, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulihuisha ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyatenga kwa ajili ya kiangazi. Miti mingi ya miiba katika eneo hilo huitwa kwa Kiswahili migunga. Hata hivyo, mtu anayeishi nayo haichanganyi. Mmoja una miiba iliyovimba shinani kama vibuyu, makazi ya sisimizi, nao hustawi katika udongo mweusi wa mbuga. Wasukuma huuita ilula. Wa pili una maua ya njano ya mviringo na maganda ya mbegu yaliyobanwa mithili ya shanga. Wa tatu una maganda yaliyojisokota na miiba ya namna mbili: mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda. Wa nne una miiba iliyopinda kama kucha, na maua yake hupangika kama mkia.

Wanabotania waliiweka yote minne katika jenasi ya Acacia. Mwaka 2005, mkutano wao wa kimataifa mjini Vienna uliamua kwamba jina hilo libaki na miti ya Australia. Uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Leo mitatu ya kwanza ni Vachellia drepanolobium, V. nilotica na V. tortilis, wa nne ni Senegalia polyacantha. Miti haikubadilika, wala sifa zake za utambuzi. Kilichobadilika ni jina.

Kisa hiki kinazigusa mbinu mbili za kileksikografia. Charles Sacleux, mmisionari aliyekuwa pia mkusanyaji wa mimea, aliambatisha majina ya Kilatini katika kamusi yake ya mwaka 1939. Mbinu hiyo inasifika kwa umahususi, lakini inamtaka msomaji afuatilie mabadiliko ya taaluma nyingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (TUKI, 1981), kwa upande wake, ina vidahizo vya mimea na wanyama ambavyo fasili zake haziendi mbali zaidi ya kutaja aina. Fasili hiyo inataja kundi bila kutaja kinachotofautisha.

Huenda ikadaiwa kwamba kamusi ya jumla si kitabu cha botania. Dai hilo ni la haki, lakini halihalalishi ukimya. Tunapendekeza fasili ya namna hii: mgunga ni jina la jumla la miti ya miiba ya jamii ya kunde, yenye majani yaliyogawanyika mara mbili kuwa vijani vidogo, na maua ya mviringo au ya mkia. Majina ya Kilatini yafuate, kwa wingi, baada ya sifa. Mwanafunzi wa Tinde akiifungua kamusi hiyo, ataweza kutoka nje na kuuonyesha mti.