Moyo Uliobaki Mkuyuni

Kisa cha kima na papa kimo katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere, London, mwaka 1870. Kima humrushia papa kuyu. Siku moja papa anambeba mgongoni kwenda kwao, na wakifika katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kuwa kina kima huiacha mioyo yao mitini. Wanarudi kuuchukua.

Hapo ndipo wengi huishia kusimulia, ilhali ufundi wenyewe ndio kwanza unaanza. Kima yuko juu ya mkuyu, kimya. Papa anaita, anaita tena. Hatimaye kima anamuuliza kama anamdhania punda wa dobi. Papa hamjui punda huyo. Anaambiwa ni yule asiye na moyo wala masikio. Tazama mpangilio: jibu limetangulia, hadithi bado. Msikilizaji amenaswa pamoja na papa, wote wanataka kuelezwa.

Basi wanaelezwa. Sungura anamlaghai punda kwa habari za posa, anampeleka kwa simba aliyedhoofishwa na maradhi. Punda anajeruhiwa, anaponyoka, kisha anarubuniwa upya na kuuawa. Moyo na masikio anavila sungura. Simba akividai, sungura anasema punda hakuwa navyo. Angekuwa navyo, angerudije mara ya pili?

Mara hiyo ya pili ndiyo bawaba ya visa viwili, kwani papa naye anamwita kima safari ya pili. Na uongo umegeuzwa kichwa chini: kima ana moyo, anasema hana, punda alikuwa nao, inasemwa hakuwa nao kamwe.

Mifupa ya kisa ni ya Panchatantra ya India, iliyoingia Kiarabu karne ya 8 kwa mkono wa Ibn al-Muqaffa, katika Kalila wa Dimna. Punda yumo humo pia. Lakini kule mahali pa papa pana mamba, au kobe, na chanzo cha hila ni mkewe mwenye wivu. Unguja wamemweka sultani. Nasikitika kuukosa wivu wa yule mke, ingawa sultani mgonjwa majini na simba mgonjwa msituni wanalingana vizuri mno.

Kima akimaliza, anauvunja urafiki na kuaga. Kama sultani alipona, msimulizi hajishughulishi.