Mpwa, Mjomba na Chumba cha Mgonjwa

Flora Lewis alifariki kwa saratani mjini Belfast mwezi Agosti 1908, mwanawe wa pili akiwa na umri wa miaka tisa. Mwaka 1955 mwana huyo, C.S. Lewis, alichapisha tawasifu yake, Surprised by Joy, pamoja na The Magician's Nephew, riwaya ya sita kutolewa katika mfululizo wa Narnia. Katika tawasifu mama anakufa. Katika riwaya mama wa Digory, ambaye jamaa zake wamekwisha kumkatia tamaa, anakula tufaha la ajabu na kupona. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mtu mzima amejipa kwa kalamu kile alichonyimwa utotoni. Usomaji huo una ukweli, lakini unaishia mlangoni.

Tawasifu inaeleza jambo zito kuliko msiba wenyewe. Mtoto aliomba mama apone, na hata baada ya kifo aliendelea kutarajia muujiza. Akiitazama sala ile baada ya miongo kadhaa, Lewis anakiri kwamba haikuwa na mapenzi wala kicho: Mungu alitakiwa aje, atimize kazi, kisha aende zake. Kwa Kiswahili, aliitwa kama mganga.

Sala hii ndiyo inayotawala msuko wa riwaya. Sehemu yake moja amepewa Mjomba Andrew, mchawi anayetaka nguvu za ghaibu bila kuwajibika kwa yeyote, na ambaye huwatuma watoto kumjaribia pete zake. Hapa Kiswahili kinakizidi Kiingereza, kwani maneno "mpwa" na "mjomba" hayamruhusu msomaji kusahau kwamba Andrew ni ndugu wa mama. Dada yake anakata roho ndani ya nyumba ile ile, naye yumo ghorofani na majaribio yake. Msomaji aliyelelewa akijua wajibu wa mjomba hahitaji kuelezwa aibu hiyo.

Sehemu ya pili imebaki kwa Digory mwenyewe. Bustanini, Jadis anamshawishi ampelekee mama tufaha badala ya kulirudisha kwa Simba Aslan aliyemtuma. Digory anakataa, na anamkabidhi Simba tunda bila ahadi yoyote kwamba mama atapona. Baadaye tu ndipo anapopewa tufaha jingine.

Je, mtoto aliyefiwa na mzazi atausomaje ukurasa huu? Mzazi wake hakupona kwa kuwa yeye hakutii? Kurasa za mwisho zinalikuza swali hilo, kwani hata baba wa Digory anarejea kutoka India na kupata urithi mkubwa, kana kwamba mwandishi ameshindwa kujizuia kulipa deni asilodaiwa. Hizo ndizo kurasa dhaifu kuliko zote. Kule Belfast baba alikuwapo, lakini huzuni ilimtenga na wanawe, na kabla mwaka haujaisha mtoto alipelekwa shule ya bweni Uingereza.

Jibu, kama lipo, liko mapema zaidi. Kabla ya kutumwa, Digory anamwomba Simba amponye mama. Kwanza ameyakodolea macho makucha yake. Anapoinua uso anaona machozi makubwa kuliko yake mwenyewe. Machozi hayo hayakutanguliwa na utii wowote. Mganga wa sala ya 1908 hakutarajiwa kulia.

Watafutao vyanzo hukimbilia kabati lililochongwa na babu wa Lewis. Lipo kweli, ila halina mengi ya kusema. Minong'ono ina mengi zaidi. Tawasifu inakumbuka nyumba iliyojaa harufu ngeni na mazungumzo ya chinichini. Riwayani Digory anamsikia Letty, dada wa mama, akimwambia mgeni aliyeleta zabibu kwamba sasa labda tunda la nchi ya ujana ndilo lingemfaa mgonjwa. Tumaini lote la mtoto linazaliwa na kauli ambayo hakukusudiwa kuisikia.

Lewis aliingizwa chumbani kuuona mwili wa mama, na hofu ile hakuisahau. Digory anaingia chumba kama hicho kwa hiari yake, tufaha mfukoni. Analimenya, analikata, na kumlisha mama kipande kwa kipande mpaka analala.