Silaha Mikononi mwa Nani? Uhakiki wa Mjadala wa Bunduki na Polisi, Marekani na Ulaya

Kila mara watu wanapouawa kwa wingi shuleni, kanisani au dukani nchini Marekani, mjadala ule ule hufufuka, na hauishii kwao. Huvuka bahari ukaingia katika madarasa yetu ya siasa na katika mabweni ya vyuo. Upande mmoja husimama ndugu anayesema kwamba Ulaya imestaarabika na Marekani bado haijastaarabika. Kwamba huko Ulaya raia hana bunduki na polisi hana haja nayo, na huo ndio mwisho wa maneno. Upande wa pili husimama ndugu mwingine, mara nyingi yule anayejiona mwanamapinduzi kuliko wenzake, akidai kwamba raia asiye na bunduki ni mtumwa wa serikali yake, na kwamba katika jambo hili moja Wamarekani wametuzidi maarifa.

Tumezisikiliza hoja hizi kwa muda mrefu. Kinachotushangaza ni jinsi zinavyofanana. Zote zinaanza na kitu, yaani bunduki, zikaihesabu kama mtu ahesabuvyo maembe sokoni, kisha zikakipa kitu hicho nia na tabia. Haiulizwi imo mikononi mwa nani, imeelekezwa kwa nani, wala nani aliyeandika sheria ya kuimiliki. Tunakusudia kuzihakiki zote mbili, ingawa tuseme mapema kwamba hatuzioni kuwa na uzito sawa.

Tuanze na lililo kweli. Kwa makadirio ya watafiti wa silaha ndogo wa Geneva, hadi mwisho wa mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na silaha za moto zipatazo milioni 393, yaani kiasi cha 120 kwa kila watu 100. Huko Uingereza na Wales zilikuwa kama 5 tu kwa kila watu 100. Mwaka 2021 pekee risasi ziliua watu 48,830 nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Tangu mwaka 2020 bunduki imeua watoto na vijana wa nchi ile kuliko ajali za barabarani na kuliko ugonjwa wowote. Polisi nao: hesabu zilizokusanywa na magazeti tangu mwaka 2015 zinaonyesha kwamba huwapiga risasi na kuwaua watu wapatao 1,000 kila mwaka, wakati Uingereza na Wales, ambako askari wengi hawabebi bastola, idadi hiyo katika miaka mingi huhesabika kwa vidole vya mikono.

Anayebisha kwamba wingi wa silaha hauhusiani na wingi wa makaburi anabishana na hesabu. Mwaka 1996 watoto 16 na mwalimu wao waliuawa katika shule ya Dunblane, Scotland. Mwaka uliofuata sheria ilipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Marekani imezika watoto wa shule mara nyingi kuliko Scotland, lakini Bunge lake halikufanya jambo la namna hiyo. Hadi hapa, basi, ndugu yetu anayeisifu Ulaya yuko sawa, na hatuna haja ya kutafuta maneno ya kinadharia ya kuukwepa ukweli huo. Anakosea pale anapoeleza sababu.

Anasema sababu ni ustaarabu. Basi na atueleze ni ustaarabu gani uliolala hadi mwaka 1920. Kabla ya mwaka huo Mwingereza mwenye fedha alinunua bastola bila taabu kubwa. Mwezi Januari 1909, majambazi wawili walipokimbizwa katika mitaa ya Tottenham, London, askari walipata bastola za kuazima kutoka kwa wapita njia! Kilichobadilika baadaye hakikuwa tabia ya watu. Mapinduzi ya Urusi yalikuwa yametokea mwaka 1917. Polisi wa London wenyewe waligoma mwaka 1918. Mwezi Januari 1919 serikali ilipeleka majeshi Glasgow kwa hofu ya wafanyakazi waliogoma. Na mamia ya maelfu ya askari walikuwa wakirudi kutoka vitani, wanaojua kulenga shabaha na wasio na kazi. Bungeni sheria ya silaha ya mwaka 1920 ilitetewa kwa kutaja wahalifu. Ndani ya Baraza la Mawaziri mazungumzo yalikuwa ya mapinduzi, na ya namna ya kuwapa silaha watu walio watiifu kwa serikali. Sheria ile ile ambayo leo inawalinda watoto wa Uingereza ilizaliwa katika hofu ya mabepari juu ya wafanyakazi. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja, na asiyeweza kuyabeba yote mawili kichwani hataielewa Ulaya.

Na yule polisi wa London asiye na bastola? Yeye pia ana historia. Robert Peel alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829 aliwapa kirungu, kwa kuwa tabaka la kati la mji ule lisingekubali jeshi katika mitaa yake. Lakini Peel huyo huyo alikuwa amekwisha kuitawala Ireland kama katibu mkuu wa serikali kuanzia mwaka 1812 hadi 1818, na huko mwaka 1814 alianzisha kikosi cha namna nyingine kabisa. Polisi wa Ireland waliokuja baadaye waliishi kambini wakiwa na bunduki, na mfano huo wa Ireland ndio uliopelekwa kwenye makoloni. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa. Polisi wa Mwingereza tuliyemfahamu hakuwa na kirungu peke yake.

Hali ya hatari ya Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952, inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko kitabu chochote cha nadharia. Chini ya amri za hali ya hatari, Mwafrika aliyekutwa na bunduki, au na risasi tu, aliweza kuhukumiwa kifo. Waafrika 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na walio wengi hawakunyongwa kwa kuua, bali kwa makosa kama kupatikana na silaha au risasi, kushirikiana na wapiganaji, au kuapisha. Wakati huo huo mlowezi alikula chakula chake cha jioni akiwa na bastola kiunoni, na mwanawe alikuwa katika polisi wa akiba. Ilikuwa nchi moja chini ya Malkia mmoja, na kitu ni kile kile: kwa mmoja kitanzi, kwa mwingine haki ya kujilinda. Anayesema Uingereza ilikuwa haina utamaduni wa bunduki anasahau kwamba iliuweka nje ya nyumba.

Tukirudi Marekani tunaona kwamba huko nyumba ya mlowezi na koloni lake vilikuwa katika uwanja mmoja. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Rekebisho la Pili la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791, linazungumzia mgambo uliopangwa vizuri pamoja na haki ya watu kumiliki silaha. Mgambo ule ulikuwa na kazi zake: kuwaondoa wenyeji wa asili katika ardhi yao, na katika majimbo ya kusini kuwazuia watumwa wasiasi. Carolina ilikuwa na doria za kuwasaka watumwa tangu mwaka 1704. (Hata hivyo tusikubali mkato unaopendwa sasa, kwamba polisi wote wa Marekani wametokana na doria hizo. Boston mwaka 1838 na New York mwaka 1845 walitazama London zaidi, na kazi yao ikawa kuwabana wahamiaji maskini na wagomaji. Hoja nzuri haihitaji kutiwa chumvi.)

“Watu” wa Katiba ile walikuwa akina nani? Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, jimbo la Mississippi liliharakisha kupiga marufuku watu weusi walioachwa huru kubeba silaha bila kibali. Aprili 1873 huko Colfax, Louisiana, makumi ya watu weusi waliuawa na kundi la wazungu wenye silaha, wengi wao baada ya kujisalimisha. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu ilifuta hatia za wachache waliopatikana na makosa, ikasema kwamba Rekebisho la Pili linaizuia serikali kuu tu, wala halimlindi mtu dhidi ya raia wenzake. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 2008 na tena 2022, imeipanua haki ya bunduki kuliko ilivyopata kuwa.

Mfano wa California unafaa kusomwa na kila mwanafunzi. Mwaka 1966 Huey Newton na Bobby Seale waliunda chama cha Black Panther mjini Oakland. Sheria ya jimbo iliruhusu kubeba bunduki hadharani, nao wakazibeba, wakawafuata polisi mitaani kuangalia wanavyowakamata watu weusi. Mbunge Don Mulford akatunga mswada wa kuwazuia. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wapatao 30 walikwenda na bunduki zao kwenye bunge la jimbo huko Sacramento kuupinga. Kabla ya miezi mitatu kupita Gavana Ronald Reagan alikuwa ameutia sahihi, na chama cha wenye bunduki, NRA, ambacho leo huona kila kizuizi kuwa udikteta, kiliunga mkono. Sasa linganisha na tarehe 30 Aprili 2020: wazungu waliobeba bunduki za kivita waliingia katika bunge la jimbo la Michigan kupinga amri za kuzuia ugonjwa wa korona, na polisi wakawaacha kwa kuwa sheria iliwaruhusu.

Sheria ya silaha ya mwaka 1968 ilipitishwa baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy. Ilikuwa sheria ya lazima, hata kama ilikuwa dhaifu. Lakini angalia ilimwangukia nani. Pete O’Neal, kiongozi wa Black Panther wa Kansas City, mji uliokaa juu ya mpaka wa majimbo mawili, alitiwa hatiani mwaka 1970 kwa kuvusha bunduki mpaka huo, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Alikimbilia Sweden, kisha Algeria, na mwaka 1972 akafika Tanzania, akajenga makao yake Imbaseni karibu na Arusha. Kinyume chake ni Philando Castile wa Minnesota, aliyekuwa na kibali halali cha bastola. Mwaka 2016 alimweleza askari aliyemsimamisha barabarani kwamba anayo, na askari akampiga risasi akafa. Mwaka 2017 askari huyo aliachiwa na mahakama. Kibali kile hakikumfaa kitu.

Hapa ndugu yetu wa pili huinuka na kusema: kumbe mnakubali, mnyonge anapaswa kuwa na silaha! Hatukubali kwa namna anavyodhani. Mwaka 1921, huko West Virginia, wachimba makaa ya mawe wapatao 10,000 walishika bunduki kupigania haki ya kuwa na chama chao cha wafanyakazi. Walipigana siku kadhaa katika mlima wa Blair na jeshi la kukodiwa lililolipwa na wenye migodi. Ndege ziliwaangushia mabomu. Yalipofika majeshi ya serikali kuu, wachimbaji waliweka silaha chini, na wengi wakashtakiwa kwa uhaini. Hawakukosa ushujaa wala risasi. Walikosa dola. Haki ya kuwa na vyama vya wafanyakazi ilipatikana katika miaka ya 1930, kwa migomo na kwa sheria ya mwaka 1935, na hapo wachimbaji wa West Virginia wakajiunga kwa wingi. Engels alikwisha kueleza mwaka 1884 kwamba dola, ukiivua mapambo, ni vikundi vya watu wenye silaha waliotengwa na umma. Silaha milioni 393 zilizotawanyika majumbani hazikubadili jambo hilo hata kidogo. Zimebadili tu idadi ya mazishi, na mazishi hayo ni ya vijana weusi wa mitaa maskini, na ya wanaume wazee waliobaki peke yao na silaha kabatini.

Nani basi anafaidi? Swali hili hoja zote mbili hulikwepa, pengine kwa sababu jibu lake linawarudisha pamoja Mmarekani na Mzungu wa Ulaya. Bastola inayobebwa na polisi wengi wa Marekani ni Glock, ya kampuni ya Austria yenye kiwanda Georgia. Mwaka 1985 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya Beretta, kampuni ya Italia. Mwaka huo wa 2005 ambao Bunge la Marekani liliwapa watengenezaji na wauzaji wa silaha kinga dhidi ya kesi nyingi za wahanga, kinga hiyo haikubagua mtaji wa Ulaya. Mwenye hisa wa Ulaya analala salama katika mtaa usio na bunduki, na gawio lake linatoka katika mitaa iliyojaa bunduki.

Wala usalama huo si wa wote ndani ya Ulaya yenyewe. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 iliwapa polisi nafasi pana zaidi ya kufyatua risasi kwa dereva asiyetii amri ya kusimama. Tarehe 27 Juni 2023 kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Algeria aliuawa hivyo akiwa kwenye usukani, mjini Nanterre, na nchi nzima ikawaka moto kwa siku kadhaa. Waliberali wa Paris walisema hilo ni jambo la Kimarekani lililoingia kwao. Lakini tarehe 17 Oktoba 1961 polisi wa Paris, chini ya mkuu wao Maurice Papon, waliwaua Waalgeria waliokuwa wakiandamana kupinga amri ya kutotembea usiku iliyowahusu wao peke yao. Wengine walitupwa katika mto Seine. Wengi wa waandamanaji wale walikuwa wametoka katika vibanda vya mabati vya Nanterre hiyo hiyo.